Uliza Mkaguzi: Nina shahada ya uhasibu, nauza nondo na saruji. Nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina shahada ya uhasibu kutoka Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) hapa Dodoma. Tangu nimalize nipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Majengo. Naandika mauzo, nahesabu stoo, nahudumia wateja. Nataka sana kufanya kazi Ofisi ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wenzangu wanasema bila CPA, ile sifa ya kitaaluma ya uhasibu, nisijisumbue, na bila kujuana ndiyo kabisa. Naomba ushauri.
Binti wa Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. La CPA wamekuambia kweli. Nafasi nyingi za ukaguzi huitaka pamoja na shahada, kwa hiyo jisajili mapema NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi inayotoa CPA, na uanze na masomo machache unayoweza kuyalipia.

La kujuana liache. Maombi yanapita Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, na hayalipiwi. Anayekudai hela ili akusukumie jina ni tapeli. Vijana ninaowasaidia kuomba hukwama kwenye mambo madogo: jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha kidato cha nne linapishana herufi moja, mtu anapandisha hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, barua haina sahihi. Vipange vyeti vyako wiki hii. Tangazo likishatoka, muda ni mfupi. Ukipita mchujo wa kuandika, kwenye usaili wa ana kwa ana nenda na vyeti halisi.

Sasa nizungumzie hilo duka, maana umelitaja kama kitu cha kupitishia muda tu. Fedha nyingi zinazokaguliwa huku kwetu zimegeuka madarasa, vyoo na zahanati zinazojengwa kwa force akaunti, yaani shule au kijiji chenyewe kinanunua vifaa na kumlipa fundi. Hati ya malipo inasema bati za geji 28. Juu ya paa kuna geji 30, nyembamba zaidi. Nani ataona? Wewe utaona. Nondo ya milimita 12 na ya 10 unazitofautisha kwa kuzishika, na bei ya mfuko wa saruji unaijua kwa mwezi. Wapo wahitimu wazuri wa vitabu ambao hayo huwachukua miaka.

Nikupe mfano. Shule moja ya msingi, leja ya stoo ilionyesha mifuko 300 ya saruji imepokelewa siku moja, mwishoni mwa Juni. Sahihi zote zipo, risiti ipo. Nikaomba kuiona stoo. Ni kachumba nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, kasingeweza kubeba hata nusu ya mzigo huo. Tulipomuuliza kwa utulivu, mwalimu alieleza: mwaka wa fedha ulikuwa unaisha tarehe 30, wakaogopa fedha zisije zikarudi Hazina, wakasaini wamepokea yote ili muuzaji alipwe, naye akawa analeta kidogo kidogo. Hakuna aliyeiba. Lakini muuzaji angefunga duka, watoto wangekosa darasa na karatasi zingesema kila kitu kimepokelewa. Hoja ya ukaguzi niliiandika, na maelezo ya mwalimu nikayaweka humo humo. Anayekaguliwa ana haki ya kujibu kabla ripoti haijatoka, na mkaguzi asiyesikiliza majibu ni hatari kuliko asiyejua hesabu.

Kuhusu maisha ya kazi: taasisi hufunga hesabu 30 Juni na kuziwasilisha ifikapo 30 Septemba, kisha ripoti ya CAG hutakiwa kumfikia Rais ifikapo 31 Machi. Kwa hiyo miezi ya pilikapilika ndiyo hiyo hiyo ya mvua zetu. Utasubiri korongo lipungue maji njia ya Chemba, utatembea kwenye tope la Bahi. Nunua buti.

SWALI: Habari za kazi mama. Mimi ni mtendaji wa kijiji wilaya ya Mpwapwa. Wakaguzi wakija, tuwapikie kuku au itaonekana rushwa?
Mtendaji

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kuku mwacheni. Najua kwetu mgeni haondoki na njaa, ila mkaguzi anajitegemea kwa posho yake, na akila kwenu leo, kesho wanakijiji hawataamini alichoandika, hata kama ni cha kweli. Maji ya kunywa yanatosha. Andaeni meza yenye mwanga, vitabu vya stakabadhi, leja ya stoo, taarifa za benki na mihtasari ya mikutano mikuu ambako mapato na matumizi yalisomwa. Muiteni na fundi, maana tutataka kwenda kwenye mradi.