Muulize Dada: Wananitungia mtihani kila nikiposti

Shikamoo dada. Mi ni binti wa miaka 23 naishi Makulu, nimemaliza chuo mwaka jana hapa hapa Dodoma na kazi bado, sa kwa miezi nane natengeneza video za anime, yani katuni za Kijapani, na gemu, nakaa mbele ya simu nasimulia stori, naigiza sauti za wahusika, na kuna moja nilivaa joho la mhusika nililoshonewa kwa kitenge na fundi wa Majengo maana kitambaa chenyewe nilikosa. Nina watu mia tatu na kitu wanaonifuatilia. Shida yangu ni komenti. Wanaume wanasema mi giki feki, yani mpenzi wa anime na gemu wa kujifanya tu, nimeanza juzi ili nipate mabwana, wananiambia taja wahusika kumi wa hii, taja nani alichora ile, nikijibu wanatunga lingine. Wengine wananiambia nikaolewe. Mmoja ameniandikia inboksi matusi na kusema anajua ninapokaa. Afu nyumbani mama anasema mtu mzima na digrii yake anaangalia katuni, majirani watasemaje. Nafikiria nifiche sura nibaki na sauti tu, au niache kabisa. Nisaidie dada.
Binti wa Makulu

Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo anayesema anajua unapokaa, maana wale wengine ni kelele ila huyu sio kelele. Usimjibu na usifute kitu. Piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti na tarehe, itunze sehemu mbili, ndo umpige bloku, afu nenda kituo cha polisi na mtu mzima wa kwenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inahusu unyanyasaji wa mtandaoni, kwa hiyo ukiambiwa "si ufunge tu akaunti" wewe taja namba ya kifungu kwa upole na uendelee kukaa hapo hapo kwenye benchi. Ukirudi nyumbani pitia video zako zote uangalie nyuma yako kunaonekana nini, kama kuna tanki la jirani na mnara wa msikiti basi mtu wa Makulu anajua mtaa wako bila kuuliza. Ukienda kurekodi nje, posti ukisharudi.

Sasa huo mtihani. Mi zamani nilikuwa nacheza gemu kwenye kibanda kimoja Makole, tunalipia kwa mechi, na kila nikiingia lazima kuna mvulana aniulize kama najua ofsaidi ni nini, wakati pembeni yake kuna mwenzie amekaa hajui hata kitufe cha kupiga pasi na hamna anayemuuliza kitu. Nikajibu maswali mwaka mzima nikidhani kuna siku watasema haya inatosha umefaulu. Sijapewa cheti mpaka leo. Kwa hiyo mdogo wangu usijibu hata swali moja tena, hata lile jepesi unalolijua ukiwa usingizini, hasa hilo, maana ukishajibu umekubali kwamba wao ndo wasahihishaji.

Kuna Mmarekani anaitwa Felicia Day, muigizaji, aliwahi kunasa kwenye gemu la World of Warcraft mpaka maisha yakayumba. Akaandika tamthilia ya kuchekesha kuhusu wacheza gemu, andiko lenyewe alilitunga kwa ajili ya televisheni, mwisho akalikata vipande vya dakika chache chache akaviweka YouTube mwaka 2007, ikaitwa The Guild. Vipande vichache tu hela ikakata. Waliochanga ili iendelee ni watazamaji wenyewe, watu waliojiona mle ndani, na ikaenda misimu sita mpaka 2013. Ona basi nani alitoa hela. Una watu mia tatu na kitu, hao ni wengi kuliko darasa zima la chuo, waongeleshe hao, na kwenye mipangilio ya YouTube kuna sehemu unaweka maneno usiyoyataka ili komenti yenye hilo neno isubiri ruhusa yako kwanza. Neno "kaolewe" liweke la kwanza.

Kuhusu sura, ukitaka kubaki na sauti kwa sababu unapenda hivyo sikukatazi, ila kosplei, huko kuvaa kama mhusika, bila mtu ni nguo iliyotundikwa kwenye msumari, na kwa maelezo yako inaonekana kuigiza ndo kunakokupa raha.

Mama naye mwambie hivi: hapa Ugogoni ngoma ya muheme nani anaipiga? Si ni akina mama, ngoma wameibana katikati ya mapaja, uwanja umejaa watu wanatazama, na sijasikia mtu anamuuliza mama wa watu kama ngoma anaijua kweli. Ila kwenye hela usimdanganye. YouTube wanaanza kukugawia hela ya matangazo ukifikisha sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Masaa 4,000 ni dakika 240,000, kama mtu anakaa dakika nne kwenye video yako basi unahitaji kutazamwa mara 60,000, na hata hapo malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Kwa hiyo barua za kazi endelea kutuma. Na usibandike vipande virefu vya anime yenyewe, mfumo wao unavitambua na hela inaweza kwenda kwa mwenye mali, wewe simulia kwa mdomo, igiza, chora.

Dada mambo, mdogo wangu wa kike anacheza gemu laivu kwa hotispoti yangu, bando la wiki linakata siku mbili, nimkataze mambo ya ugiki?
Kaka wa Kisasa

Badilisha nywila, kaka. Au mnunulie bando lake la usiku. Ugiki hauhusiki hapo.

Dada mimi na shoga yangu tunafanya podikasti ya komiki tukiwa Miyuji, upepo unaingia kwenye maiki mpaka hatusikiki, maiki nzuri hatuna hela.
Wawili wa Miyuji

Upepo wa Dodoma nauelewa, mi umewahi kunimwagia unga. Ingieni chumbani, fungeni dirisha, ning'inizeni mablanketi ukutani au kaeni karibu na kabati la nguo lililo wazi, maana vitu laini vinameza mwangwi. Maiki ivalisheni soksi safi, nasema safi. Mkilazimika kurekodi nje basi asubuhi sana kabla upepo haujaamka, na Desemba mvua ikianza kupiga bati zimeni tu mkapike.