Laini ya simu si shamba la babu yenu

Juzi kijana wetu mmoja, mwerevu, mwenye mikono myepesi, alichukua waya wa laini ya nje akauchomeka kwenye tundu la FXS (lile la kuchomekea simu za ndani) la PBX, mtambo wa simu wa ofisi, akakaa kusubiri taa iwake. Eksichenji, mtambo wa kampuni ya simu, inaleta umeme, tundu nalo linaleta umeme. Vikasukumana hivyo mpaka mtu alipopiga simu kutoka nje. Mlio ulipoingia, kadi ikakata kauli. "Kaka, matundu yanafanana," akaniambia. Kweli yanafanana. Miaka 16 iliyopita niliitamka sentensi hiyo hiyo mbele ya mzee aliyenifundisha kazi, naye akanyamaza kama ninavyonyamaza mimi siku hizi.

Basi nawaandikia, vijana, mambo ya kushika kabla ya kugusa laini. Mwaka jana niliapa siandiki tena.

1. FXS hutoa umeme, FXO (tundu la kuingizia laini ya nje) hupokea. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka: ukikuta volti 48 hivi kwenye tundu tupu, ujue humo tayari kuna anayetoa umeme.

2. Volti 48 hazikutishi, sawa, ila mlio je? Simu ikiita, juu ya hizo 48 inapanda AC ya kama volti 90 kwa mfumo wa Marekani, hezi 20. Nilifanya kazi na fundi mkongwe aliyekuwa akimenya nyaya za simu kwa meno, na aliona fahari kufanya hivyo. Siku moja yuko juu ya ngazi, waya mdomoni, mteja akapigiwa na mkwewe. Hatukuwahi kumsikia mzee yule akitukana kabla ya hapo. Kuanzia kesho yake alitembea na koleo, na mpaka anastaafu hakuna aliyethubutu kumuuliza lilitoka wapi.

3. Jumlisha REN za vifaa vyote kwenye laini, yaani namba ya mzigo ambao kila kifaa huutwisha mlio. Marekani kikomo cha kawaida ni 5, Uingereza 4, na ukipitisha usishangae kengele zikikohoa badala ya kulia.

4. Mkonga ukiwa chini, kifaa kiwe kama hakipo. Masharti ya Marekani yanataka ukinzani wa DC usiopungua megaomu 5. Sasa nyie mna mapenzi na vitaa. Mwenzenu alitengeneza kisanduku kizuri mno akaweka LED moja kwa moja kwenye laini "ili mteja aone laini iko hai". Kitaa kile kinakunywa miliampia mbili mchana na usiku. Kwetu ni pambo. Kwa mtambo wa eksichenji unaopima laini usiku, hiyo ni kebo iliyoingia maji. Fundi akatumwa kuchimba. Msiniulize alichosema alipokikuta kitaa.

5. Hapa nitakaa kidogo.

Naona mnavyokunja uso nikitaja uidhinishaji, kana kwamba ni watu wa ofisini waliokosa kazi. Kuna wakati kule Marekani hukuruhusiwa kuunganisha chochote kisicho cha kampuni ya simu. Hush-A-Phone kilikuwa kikombe tu cha kufunika mdomo wa simu ili jirani asisikie maongezi, na kesi yake ilifika mahakama ya rufaa, 1956, ndipo kikaruhusiwa. Uamuzi wa Carterfone (kifaa cha kuunganisha redio na simu) wa 1968 ndio uliofungua mlango kwa vifaa vya watu wengine. Hata baada ya hapo kampuni za simu zikadai pawe na kifaa chao cha ulinzi katikati, cha kukodi kwao, hadi Part 68, kanuni za serikali ya Marekani za vifaa vya simu, ilipokuja miaka ya 1970 na kusema: kikipimwa kikasajiliwa, chomeka mwenyewe. Hiyo RJ ya RJ11 mnayoitamka kutwa maana yake ni tundu lililosajiliwa. Cheti mnachokinunia ndicho kilichotupa sisi kazi.

Nami nilikuwa na cheti. Nilikuwa mwaka wangu wa tatu, na tulikuwa tunatengeneza kisanduku kinachopiga simu chenyewe king'ora kikilia. Kilikuwa kimepimwa, kimeidhinishwa, kina lebo. Kisha mwenye kutuuzia transfoma ya laini akachelewa, na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikatafuta nyingine. Uwiano ule ule, omu 600 zile zile, miguu ikaingia kwenye matundu yale yale ya bodi bila kulazimishwa. Bei chini ya nusu. Nikaijaribu mezani kwenye kiigizo cha laini, waya wa mita mbili. Ikapiga, ikapokea, sauti safi. Kwenye fomu ya mabadiliko kulikuwa na swali: je, badiliko hili linagusa uidhinishaji? Nikaweka alama kwenye "Hapana". Sikufikiri hata sekunde moja. Naikumbuka ile alama kuliko ninavyoikumbuka sahihi yangu ya ndoa.

Vikatoka visanduku 300 na ushee. Wiki ya kwanza malalamiko ya mvumo yakaanza, nikalaumu kebo. Wiki ya pili nikalaumu eksichenji, kwa barua, yenye maneno makali. Wiki ya tatu nikatumwa mwenyewe. Mama wa mapokezi hakunisalimia. Alinyoosha mkono akaniwekea mkonga sikioni. Ulikuwa mvumo mzito, ule wa friji bovu, na nyuma yake kwa mbali mtu anasema "haloo, haloo". Nikachomoa kisanduku chetu. Kimya. Nikachomeka. Mvumo. Nikachomoa tena, kana kwamba mara ya tatu kingenihurumia. Yule mama akaniangalia akasema, "Kwa hiyo ni chenu."

Kilichotokea ni hiki. Kebo ya simu hutembea kilomita kadhaa ikiandamana na nyaya za umeme, na umeme ule huambukiza nyaya zote mbili za laini kwa kiasi kilekile. Simu husikia tofauti kati ya nyaya mbili, kwa hiyo vikilingana haisikii kitu. Kazi ya kifaa chako ni kutovuruga ulinganifu huo. Transfoma yangu ya bei poa ilikuwa imesokotwa ovyo: ncha moja ya koili imekikumbatia kiini, nyingine iko mbali, na kiini kimegusa kasha lenye ethi. Waya mmoja ukawa unavujisha kuelekea ethi zaidi ya mwenzake, na ile tofauti ndiyo iliyokuwa inavuma. Mezani kwangu, mita mbili za waya zingeambukizwa na nini?

Tukakirudisha kisanduku maabara. Ulinganifu ukaanguka, hilo nilishalitegemea. Kisha dada wa maabara akaweka volti 1,000 kati ya upande wa laini na upande wa umeme wa jengo. Ikasikika "tk" ndogo, kama mtu avunjaye njiti, na harufu ya vanishi iliyoungua. Akaandika kitu bila kuinua uso. Mimi nilikuwa nafikiria mvumo na aibu. Yeye alikuwa anafikiria fundi aliye juu ya nguzo, mikono mitupu kwenye nyaya ambazo kila mtu amemwambia ni za simu tu, huku kisanduku changu kikiruhusu umeme wa ukutani umfuate huko juu. Hakunieleza hayo. Nilielewa usiku, nikashindwa kulala.

Kampuni ya simu ilivikata visanduku vyote kwenye laini zake, na ilikuwa na haki. Bosi hakufoka. Alinipa ile fomu niisome, akaondoka. Jumamosi baada ya Jumamosi nilikaa na chuma cha kuchomelea nikitoa transfoma moja moja, 300 na ushee, na kila moja ina miguu minne.

Kwa hiyo mkiniona nawaka mtu akisema "kaka, ni kapasita tu, thamani ile ile", mnielewe. Chochote kilicho kati ya plagi na kizuizi cha kutenganisha laini hakibadilishwi kabla ya kuuliza maabara. Kilichoidhinishwa ni kile walichokipima, pamoja na mkao wa koili zake.

6. Na cheti cha kwao si cha kwetu: Ulaya kwa TBR21, kiwango chao cha zamani cha vifaa vya laini, kifaa chenyewe ndicho kilichotakiwa kuzuia mkondo usizidi miliampia 60, Marekani hapana, basi msiniletee boksi lenye lebo tano mkadhani mjadala umekwisha.

7. Modemu ikijibu simu, inyamaze sekunde 2 kabla ya kutuma data. Ni sharti lililoanzia Part 68, na asili yake ni bili, si ufundi: wajanja wasipitishe data bure kabla ya mtambo kuanza kutoza. Mwaka huu nimeona watu wawili "wakiharakisha" kwa kuzifuta sekunde hizo.

8. FXO isiyojua kwamba mteja ameshakata simu itaishikilia laini mpaka asubuhi. Hujua kwa kusikia toni ya kukatika, basi wekeni toni za nchi husika, si zile zilizokuja kiwandani.

Kijana wa FXS kesho nakwenda naye maabara kwenye vipimo vya mipigo ya radi. Nimemwambia abebe visanduku vitatu. Akauliza kama kikifa ndiyo tumefeli. Nikamweleza kwamba kwa mipigo ya aina A ya Marekani kifaa kinaruhusiwa kufa, ila kisife kimyakimya: mwenye nacho lazima ashtuke akichomoe kwenye laini. Amelicheka hilo, akaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari. La matundu yanayofanana, nimechungulia, hajaliandika.