Shangazi, Mume Wangu Amebadilika Tangu Tulipotazama Filamu

Mama wa watoto wawili kutoka Morogoro ananiandikia kwamba yeye na mumewe, ambaye wako katika ndoa kwa miaka tisa, walitazama pamoja filamu ya Mysterious Skin, waliyoletewa na mdogo wake. Katikati ya filamu mume aliinuka bila kusema neno, akaenda uani, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Tangu usiku huo analala sebuleni, na akiulizwa hujibu kwamba ile ilikuwa filamu tu. Mke anashuku kuna mwanamke mwingine, au jambo baya zaidi ambalo hathubutu kulitaja, na anauliza kama awaite wazee.

Pole, mwanangu. Kitanda cha watu wawili kinapolaliwa na mmoja, usiku huwa mrefu. Hata hivyo barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nimesimama upande wa mumeo.

Umejaza kurasa mbili za mashtaka, kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, ukaandika kwamba mumeo ni mkaidi hata katika mambo ya mpira: mtoto wenu wa kiume ana miaka minane, amechaguliwa katika timu ya mtaa, na baba yake, ambaye hakawii kulipa ada wala kununua viatu, amekataa katakata asiende mazoezini, hata wewe ukampeleka mara mbili kwa siri. Hiyo ndiyo barua yako, mwanangu. Ungeanzia hapo, nisingehitaji kurasa mbili za kwanza.

Filamu hiyo, ambayo Gregg Araki aliiongoza mwaka 2004 kutokana na riwaya ya Scott Heim, inawahusu wavulana wawili wa mji mdogo wa Kansas, Marekani, walionajisiwa na kocha wao wa besiboli mwaka 1981, walipokuwa na miaka minane. Miaka minane, kama mwanao. Kocha yule hakuwashikia panga. Aliwakaribisha nyumbani kwake kwenye michezo ya video na vyakula ambavyo watoto huvipenda. Mmoja anakua akiamini kwamba alipendwa. Mwenzake anakumbuka tu kwamba saa tano za maisha yake zilipotea na kwamba alikuwa akitokwa damu puani, na kwa miaka mingi anashikilia kuwa alichukuliwa na viumbe kutoka angani, kwa sababu akili ya mtoto iliona ni rahisi kuamini hivyo kuliko kumkubali kocha kwa jinsi alivyokuwa. Mimi niliitazama kwa siku mbili, maana sikuweza kuimaliza kwa mkao mmoja. Mwishoni, usiku wa kuamkia Krismasi, vijana hao wameketi gizani katika nyumba iliyokuwa ya kocha, nyimbo zinaimbwa nje, na mmoja amemlalia mwenzake mapajani akitetemeka. Nilizima, nikakaa hapo hapo mpaka adhana ya alfajiri.

Sijui yaliyompata mumeo, wala wewe huyajui. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Utafiti uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu mvulana mmoja kati ya saba Tanzania Bara alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Wavulana hao leo ni waume za watu. Na ile hofu yako usiyoitaja, iondoe: mtoto aliyetendewa uovu hakuuchagua, na uovu huo haumgeuzi kuwa mtu mwingine kitandani mwako.

Kosa lako ni moja, na nitalisema wazi. Umekiri kwamba ulimsimulia dada yako, mkacheka kwamba mwanamume mzima anaikimbia filamu. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: tunataka mume atufungulie moyo wote, na akifungua ufa mdogo tu, tunaupeleka kwenye simu kabla jua halijachwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpigie dada yako, umwambie mlikosea, na ulinde asiyafikishe kwa mama mkwe.

Wazee usiwaite. Usimhoji mumeo wala usimlazimishe kuimaliza filamu. Akitaka kusema na mtu, hospitali kubwa zina washauri nasaha, na asipotaka leo, huenda akataka mwaka ujao. Akikutajia mtu ambaye bado anafundisha watoto, hapo msinyamaze hata siku moja: namba 116 hupigwa bure, na katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Usiku wa leo mpelekee shuka jingine pale sebuleni, uketi chini karibu naye, umwambie kwamba ni wewe uliyempeleka mtoto uwanjani zile mara mbili, na kwamba hutampeleka tena bila yeye kuridhia. Kisha nyamaza, aseme au asiseme.