Serikali ya huku haikulelei mtoto

Mdogo wangu, ile sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mara tatu. Unasema hapo Rau, Moshi, mnaambiana Marekani mtoto analelewa na serikali, mzazi kazi yake kutafuta dola tu. Nani kawadanganya? Serikali ya huku inalea mtoto ikishamchukua kwako.

Sikuwahi kuwaambia. Mwaka ule tunaezeka nyumba ya mama nilikuwa zamu ya usiku, naosha na kugeuza wazee vitandani, mwanangu wa miaka saba nikimfungia ndani alale. Ingekuwa Moshi ningemvusha ua tu kwa jirani, akala kiburu, akalala. Huku jirani alipiga simu polisi. Nilirudi asubuhi nikakuta kitanda kitupu na karatasi mezani.

Wanaita kumtelekeza mtoto, hata kama hajalala njaa siku moja. Akapelekwa malezi ya kambo kwa watu nisiowajua. Nikawa namwona saa moja kwa wiki, ofisini, afisa amekaa pembeni anaandika. Siku moja nilimpelekea maandazi. Alimtazama kwanza yule afisa, kama anaruhusiwa kula chakula cha mama yake.

Na siku zinahesabiwa. Kwa sheria yao ya mwaka 1997, mtoto akikaa malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22, jimbo linatakiwa lifungue shauri la kufuta haki za mzazi. Wanaweza kuliacha akiwa analelewa na ndugu, sasa mimi huku ndugu nimtoe wapi? Jaji hafuti bila ushahidi mzito, lakini kila miadi unayokosa inaandikwa. Haki zikifutwa, usifikirie ni kama kuitwa ustawi wa jamii mkasuluhishwa. Kisheria si mwanao tena, na mtu mwingine anaweza kumuasili.

Wangu alirudi baada ya miezi tisa. Kiswahili kimemtoka nusu.

Kwa hiyo usije na watoto, waache kwa mama. Hapana, usiwaache, mimi wananiita shangazi wa simu, na wewe utakuwa mzazi wa simu. Njoo nao, ila usipande ndege kabla hujajua nani atalala nao usiku. Na ukipewa barua ya mahakama usiifiche kama nilivyoificha mimi, nenda nayo kwa wakili siku hiyo hiyo.

Pesa ya mwezi huu itapungua, usiku nimeacha. Mama usimwambie habari ya bati.