Jibu: Injini ikizima angani, ndege ndogo inaporomoka?

Mkuu, umeuliza kama ndege ndogo aina ya Cessna 172 ikizima injini inaporomoka papo hapo, na kwa nini rubani asigeuze tu arudi uwanjani. Haiporomoki. Kinachoibeba ni mabawa. Rubani akishusha pua na kushika mwendo wa kilomita 125 hivi kwa saa, kila mita 1,000 za kimo zinampa karibu kilomita 9 za kuteleza. Hapo anachagua shamba tambarare, anakagua mafuta, anatangaza dharura redioni. Akikaribia kutua anafunga mafuta na kufungua komeo la mlango, usije ukakwama.

Huko kurudi ndiko kunakoua watu. Ndege ikiwa imeruka punde, kimo ni kidogo. Ukikata kona kali huku mwendo unapungua, mabawa yanashindwa kubeba na hakuna nafasi ya kuiokoa.

Tazama ajali ya mwigizaji wa filamu Harrison Ford, Machi 5, 2015, Santa Monica, Marekani, akiwa na ndege ya mafunzo ya miaka ya 1940. Injini ilipoishiwa nguvu aliomba kurudi, akaona hafiki, akaelekea uwanja wa gofu. Aligonga kilele cha mti, akaumia vibaya, akapona. Wachunguzi walikuta jeti kuu ya kabureta, yaani kidude chenye tundu kinachopima petroli inayoingia kwenye injini, imelegea na kutoka mahali pake, injini ikamiminiwa petroli kupita kiasi. Kidude kidogo kiasi hicho!

Kama unaanza mafunzo, mwombe mwalimu mfanye zoezi hili la kuteleza bila nguvu ya injini mapema, mkiwa juu vya kutosha.