Vidung'ata kwenye zabibu: nipige dawa kali zaidi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima zabibu huku Hombolo, Dodoma. Vichala vimejaa vitu vyeupe kama pamba, vinanata, wenzangu wanasema vidung'ata. Nilishapiga dawa ila sasa hivi naona wengine weupe wakubwa zaidi afu wanakimbia, nahisi wamekuwa sugu. Sisimizi nao kibao. Nipige dawa gani kali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza. Hao wanaokimbia yawezekana kabisa sio adui, kuna aina ya mdudu kibibi ambaye mtoto wake ana manyoya meupe ya nta, ukimtazama haraka utaapa ni kidung'ata, kumbe yeye ndo anawala hao vidung'ata na mayai yao. Mguse na kijiti: kidung'ata anajikokota, mtoto wa kibibi anatimua mbio. Tafuta pia vidung'ata vilivyovimba, vikawa vya kahawia na vikavu, vina kitundu cha duara. Humo ametoka nyigu mdogo sana, alitagwa ndani akamla mwenyeji wake akiwa hai. Ukiviona vya hivyo vingi jua kazi inafanyika na wewe hulipi hata mia.

Na sio mambo ya kinadharia. Kidung'ata wa muhogo aliyetesa Afrika alidhibitiwa na nyigu kama hao walioletwa kutoka Paraguay, wakaanza kuachiwa Nigeria 1981, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 1995.

Sasa tatizo lako kubwa kwa maoni yangu ni sisimizi. Wanakunywa ule utamu unaonata na kwa ajili hiyo wanamlinda kidung'ata, wanafukuza vibibi na nyigu, kwa hiyo hata ukiwa na marafiki wengi shambani hawafanyi kitu. Funga utepe kwenye shina upake gundi juu yake (usipake kwenye gome lenyewe), na nguzo usizisahau, maana watapanda nguzo wapite kwenye waya wakucheke tu.

Salfa ya ubwiri unga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga) ukizidisha inaumiza hao nyigu, piga kwa kipimo. Ukipogoa bandua magome yaliyolegea, ndo maficho ya vidung'ata, ila angalia kwanza kama hakuna vile vikavu vya kahawia ambavyo bado havijatoboka, hivyo viache shambani.