Re: Nifundishe vipi tabianchi bila kuwatisha wanafunzi?
Mwalimu, kwa kidato cha pili ningeanza na mwani wa Zanzibar, si barafu za mbali. Maji ya kina kifupi yakizidi joto, kotonii, ule mwani wa bei nzuri, hugeuka mweupe, hulainika na kukatika kwenye kamba. Hapo wanafunzi wataona hasara ilivyo. Lakini usiishie hapo, tafadhali! Wako akina mama waliojifunza kuogelea ili walime kwenye kina kirefu, na Jambiani wapo wanaolima sifongo za baharini. Kisha wapeleke Gazi, Kwale, nchini Kenya: Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, huuza hati za kaboni, yaani uthibitisho wa kiasi cha hewa ya ukaa kinachohifadhiwa na mikoko, na mapato yamesaidia maji na shule. Wewe uko pwani au bara?